Aliyesimama Mstari wa Pili

Nilishinda uchaguzi siku ya Jumanne, na tangu Jumanne hiyo sidhani kama Mbinga nzima palikuwa na mtu mpweke kuliko mimi.

Najua utasema nadeka. Mwenyekiti wa soko, mwanamke, tena muuza usipa, vidagaa vya ziwani! Nilipigiwa vigelegele mpaka masikio yakaziba. Hildegardi, jirani yangu wa meza, alivua kanga yake akaitandika chini kwenye vumbi nipite juu yake kama bibi harusi, naye ni mtu ambaye kanga hiyo haazimi hata ndugu zake. Wauza maharage, wauza ndizi, mama lishe wa stendi, wote walinikumbatia, na wengine hata jina langu walikuwa hawalijui vizuri. Nilicheka nao. Jioni nikarudi chumbani kwangu, nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikagundua kwamba bado natabasamu na hakuna wa kumtabasamia.

Thabiti hakusimama nyuma yangu.

Nieleze jinsi tulivyopiga kura, maana wageni hudhani tulikuwa na masanduku. Uchaguzi uliopita tulitumia makaratasi, watu wakashutumiana wizi hadi kwenye misiba. Safari hii wafanyabiashara wenyewe wakasema hatutaki karatasi, tunataka mistari. Wagombea wanasimama wakiutazama ukuta wa ghala, migongo kwa watu, ili mtu asitishwe na macho ya mtu. Kila mpiga kura anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka afisa wa halmashauri amalize kuhesabu.

Tulikuwa wawili ukutani. Mimi, na Mzee Hamidu mwenye duka kubwa la vitenge, aliyeliongoza soko tangu mimi ni mtoto wa shule. Mzee Hamidu ndiye mjomba wake Thabiti, ndiye aliyemlea na kumsomesha, na Thabiti ndiye anayemuuzia dukani. Mzee alikuwa amekubali sisi wauza samaki tuhamishiwe kule nyuma ya machinjio, eti harufu yetu inafukuza wateja wa nguo. Ndiyo maana nikagombea. Lakini mambo ya vikao yana wenyewe, mimi nataka kusimulia habari ya mgongo wangu.

Asubuhi ile ilikuwa ya ukungu, baridi ya mwezi wa saba ile inayowafanya watu wazima watoe makoti sandukuni. Nilisimama nikiutazama ukuta, nasikia miguu ikija. Inakuja, inasita, inakwenda huku, inakwenda kule. Jumapili iliyotangulia Thabiti alikuwa amenishika mkono nyuma ya kanisa, mahali ambapo Mwislamu hategemei kumkuta Mwislamu mwenzake, akaniambia, "Jumanne uko na mimi, mpenzi wangu." Kwa hiyo nilikuwa nasubiri mguu mmoja tu. Basi mtu akaja akasimama nyuma yangu kabisa, akakohoa kidogo mara mbili, kama Thabiti anavyokohoa akikosa la kusema. Mwili wangu wote ukapata joto. Mistari ikajaa, afisa akahesabu, akarudia kuhesabu, na muda wote huo mimi nilikuwa mwanamke mwenye furaha. Kama wangenitangaza nimeshindwa ningegeuka nacheka.

Afisa akasema, "Geukeni."

Nyuma yangu alikuwa Mzee Joakim wa mkokoteni, na mafua yake. Thabiti alikuwa kwenye mstari wa pili, wa kwanza nyuma ya mjomba wake, anatazama viatu.

Soko zima liliona. Vigelegele vilikuwa vyangu, lakini niliyaona macho ya akina mama yakitoka kwangu yakienda kwake, yakirudi. Hata Hildegardi, aliponikumbatia, aliniambia sikioni, "Pole, mdogo wangu." Mtu aliyeshinda anaambiwa pole! Hapo ndipo nilipojua kwamba wote wamejua.

Jumatano mchana nikapanda gari la mizigo, nikashuka Lituhi, ziwani, kwa mama. Wauzaji niliwaambia naenda kununua mzigo. Simu nilikuwa nimeshaizima.

* * *

Mama yangu ni mtu wa ziwani, na baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Kilwa aliyekuja kuuza sufuria akasahau kurudi kwao. Mama ana vichanja vya kuanikia usipa karibu kabisa na maji, virefu vya kutosha watu wawili kufanya kazi asubuhi nzima bila kuzungumza. Alhamisi tulifanya hivyo. Hakuniuliza kitu, akaniachia upande wangu wa chanja, na mimi nikawa nageuza samaki na kuwafukuza kunguru.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma niliposikia pikipiki. Sikuinua kichwa. Pikipiki ya Mzee Hamidu ina mlio wake, mtu wa soko la Mbinga hawezi kuukosea, na Thabiti ndiye huiendesha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umetoka wapi na vumbi lote hilo?"

"Mbinga, mama. Nimepita njia ya Kitai."

"Pole na barabara. Karibu."

Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Jikoni kwake hapakuwa na moto tangu asubuhi. Akaenda zake.

Thabiti alisimama upande wa pili wa chanja. Vumbi jekundu lilikuwa limemkaa kwenye kope, na macho yalikuwa ya mtu asiyelala. Nilimpenda. Sitaki kudanganya, nilimpenda pale pale, na nikakasirika kwa kumpenda.

"Simu yako haipatikani."

"Nimeizima."

"Tangu Jumanne?"

"Tangu Jumanne."

"Hongera, Biubwa."

"Asante."

Akanyoosha mikono akaanza kugeuza usipa, kwa haraka, kama anayetafuta kitu chini yao.

"Unawavunja vichwa," nikamwambia.

"Nifundishe basi."

Nikamwonyesha. Kwa kiganja, taratibu, unawasukuma wanajigeuza wenyewe. Mtu huyu alikuwa mteja wangu miaka miwili. Kila siku alikuja mezani kwangu kununua fungu la usipa, na kwa Mzee Hamidu usipa hauliwi. Miaka ile paka wa nyumba ile walinenepa mpaka majirani wakawa wanawasingizia mimba. Nilipokuja kugundua, nilimuuliza kwa nini anapoteza pesa za watu, akanijibu, "Sijui namna nyingine ya kukusalimia." Ndivyo alivyonipata. Sikupatikana kwa maneno matamu, nilipatikana kwa paka.

"Nimekuja na habari," akasema sasa.

"Sema."

"Mjomba amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kuja kwenu. Ijumaa ijayo, baada ya swala. Atawaongoza wazee yeye mwenyewe, aje kuniposea wewe kwa baba yako mdogo."

Mikono yangu ilisimama. Miaka miwili Mzee Hamidu alikuwa amekataa. Alisema ulimi wangu mrefu. Alisema nyumba yake itanuka ziwa. Alisema mengine ambayo Thabiti hakunifikishia, nikafikishiwa na watu.

"Baada ya kumshinda? Mbele ya watu?"

"Baada ya kumshinda. Nisikilize, Biubwa, usinikatize kwanza." Akavuta pumzi. "Siku ile ya Jumatatu, kesho yake ndiyo uchaguzi, aliniita dukani tukafunga mlango. Akaniambia, 'Mwanangu, nikisimama pale ukutani na mtoto niliyemlea amesimama nyuma ya mtu mwingine, nitakuwa sina uso wa kwenda kwa watu kukuombea mke. Lakini ukisimama nyuma yangu, nishinde nisishinde, nitakwenda kukuposea huyo huyo unayemtaka.' Ndivyo alivyosema. Na jana amenithibitishia kwamba neno lake liko palepale."

Nilimwona akilini Mzee Hamidu na kanzu yake na bakora yake, ameshindwa na muuza usipa, anajifunga kwenda kumposea mpwa wake muuza usipa huyo huyo kwa sababu alitoa ahadi. Nikasema moyoni, yule mzee ni mwanamume.

"Kwa hiyo ulisimama kule kwa ajili yangu," nikasema.

"Kwa ajili yetu. Mstari ni wa saa moja, Biubwa. Ndoa ni ya maisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekutuma!" Sauti ilinitoka kubwa, kunguru wakaruka. "Ningekuambia nenda, Thabiti, nenda kasimame na mzee wako, mimi nitajua uko wapi. Ningesimama pale ukutani najua. Badala yake nimesimama nikiwa na furaha kwa kikohozi cha Mzee Joakim."

"Kikohozi gani?"

"Usijali."

"Nilikosea," akasema. "Nilikosea kutokukuambia. Nisamehe."

Aliyasema bila kujitetea, na nilijua yanatoka moyoni. Alizunguka chanja akaja upande wangu, akauchukua mkono wangu na magamba yake na harufu yake, akauweka shavuni kwake kama alivyozoea. Hajawahi kuukwepa mkono wangu, hata siku moja. Maji yalikuwa yametulia na mama alikuwa hayupo. Nilifunga macho. Nikaona Ijumaa, nikaona mikeka ya mama imetandikwa, nikajiona niko ndani nimejitanda, nasikia wazee wakijieleza mlangoni. Kwa kweli nilikuwa nimeshamsamehe. Ningekaa kimya dakika moja zaidi, hivi sasa ningekuwa nasimulia mambo mengine.

Lakini ulimi wangu, kama alivyosema mzee, ni mrefu.

"Afisa alipokuwa anahesabu," nikamuuliza, "ulikuwa unamwomba Mungu ashinde nani?"

Aliushusha mkono wangu.

"Swali gani hilo?"

"La kawaida. Nijibu."

"Biubwa, usiniulize hivyo."

"Nimeshakuuliza."

Alitazama ziwani, na mimi nikamtazama yeye. Wapo wanaume ambao wangejibu kabla swali halijaisha. Wangesema wewe, mpenzi, nilikuombea wewe, na wangeapa kwa mama zao. Angenidanganya, Ijumaa ningeposwa. Thabiti hajui kudanganya akiwa ametazamwa, na hicho ndicho nilichompendea.

"Nilidhani utashindwa," akasema. "Kila mtu alidhani. Mjomba hajawahi kushindwa. Nikawaza, Biubwa akishindwa nitakuwepo. Nitakwenda kwake jioni, atakuwa analia, nitamfuta machozi, nitamwambia mzee amekubali, atasahau habari zote za soko. Nilikuwa nimekuwekea na kitenge kizuri dukani, cha kukutuliza."

"Kitenge cha kunituliza."

"Ndiyo."

"Na cha kunipongeza uliweka?"

Akakohoa kidogo, mara mbili. Safari hii alikuwa yeye kweli.

"Kwa hiyo uliomba nishindwe," nikasema.

"Niliomba mambo yawe mepesi."

"Thabiti."

"Ndiyo," akasema polepole. "Niliomba ashinde mjomba. Ungeshindwa, kila kitu kingekuwa chepesi. Ungekuwa wangu bila makelele ya mtu."

Upepo uliinuka kidogo, nikawa nashika pembe ya wavu unaofunika chanja usifunuke. Nilihitaji kushika kitu. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nikiwa peke yangu soko zima, yuko mtu mmoja dukani kwa Mzee Hamidu anayenitaka niwe mkubwa. Nilikuwa nalala na wazo hilo. Usiku wa kampeni, wenzangu wanapokata tamaa, nilikuwa najifunika nalo.

Hata hivyo nilijaribu. Mtu asije akasema Biubwa hakujaribu.

"Jumatatu nawaita wauzaji wote," nikamwambia, "kikao changu cha kwanza. Mjomba wako atakuwepo. Njoo ukae na sisi, wauza samaki. Usiseme kitu, usieleze kitu. Kaa tu kwenye benchi letu watu wakuone. Nikikuona umekaa pale, mimi nimesahau yote ya leo na wazee waje Ijumaa."

"Mbele ya mjomba?"

"Ndiyo, mbele yake. Ulishasimama nyuma yake, amekushukuru, mmemalizana."

"Ametoka kushindwa juzi, Biubwa. Unataka nimtie kidole kwenye kidonda?"

"Nataka ukae kwenye benchi."

"Tuoane kwanza." Alikuwa ananibembeleza sasa, sauti ya chini, ile ambayo huniyeyusha. "Tuoane, watu watulie, mzee asahau. Kisha utaona wewe mwenyewe kama kazi hiyo inamfaa mke wa mtu. Makamu wako yupo. Unaweza kumwachia taratibu, wala hakuna atakayekulaumu. Mimi nitakutunza. Hutanuka samaki tena maisha yako yote."

Aliyasema kwa mapenzi. Hicho ndicho kilichoniumiza, kwamba hapakuwa na ubaya hata chembe. Alikuwa ananipa kila alichonacho, na katika vyote hivyo mimi sikuwemo.

"Waambie wazee wasije," nikasema.

"Umekasirika."

"Sijakasirika. Ningekuwa nimekasirika ningekutukana, unanijua."

Alinijua. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika alipokumbuka kwamba ananijua.

"Nitarudi wiki ijayo, ukishatulia."

"Usirudi, Thabiti."

"Unanipenda?"

"Nakupenda."

"Sasa?"

"Sasa nenda, barabara ni ndefu."

Alikaa bado. Alichukua usipa mmoja aliyeanguka mchangani, akampangusa, akamrudisha kwenye chanja kwa uangalifu kana kwamba huyo mmoja ndiye angebadilisha mambo. Kisha akaenda kunawa mikono ziwani, akakaa muda mrefu ameinama pale majini, na mimi nikawa naomba asinyanyuke. Akanyanyuka. Alipita mlangoni kwa mama, nikamsikia akiaga kwa heshima, nikamsikia mama akimwambia asiondoke na njaa, naye akasema ameshiba. Hakuwa amekula kitu tangu Mbinga, nilijua. Alikuwa mtu asiyeweza kula akiwa na huzuni, na sasa hakukuwa na mtu wa kulijua hilo njia nzima.

Pikipiki iliwaka mara ya tatu. Niliisikia ikipanda kilima, ikipotea, ikisikika tena kwenye kona, ikaisha.

Mama akarudi kwenye chanja. Akaanza kugeuza samaki upande wake, nami nikaendelea wa kwangu. Tulifika katikati, mikono yetu ikakutana.

"Ndiye?"

"Ndiye, mama."

"Wazee wake wanakuja lini?"

"Hawaji."

"Wamekukataa?"

"Nimekataa mimi."

Aliondoa kijiti kwenye samaki, akakitupa.

"Unampenda?"

"Sana, mama."

Alitazama barabara ya juu, mahali magari ya wachuuzi yanapotokea, akapima jua kwa mkono wake.

"Basi lia sasa," akasema. "Lia haraka, mwanangu, wachuuzi hawajafika. Wakishafika wewe ni mwenyekiti."

Akanivuta, akanificha uso kwenye kanga yake, akasimama upande wa barabara ili mtu akitokea amwone yeye kwanza. Nililia pale katikati ya vichanja mpaka sauti ikanikauka. Magari yaliposikika nikanawa uso kwa maji ya ziwa, nikafunga kilemba changu vizuri, nikaenda kuwapokea watu.